Tiba Mtandao kwa Wagonjwa wa Akili: Tuyajue Haya Kabla ya Kuchangia

Hotuba ya Idara ya Afya kwa mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili



Tunajua wengine mmelala njiani, na wengine mmeacha mashamba wakati wa palizi. Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni huduma ya afya ya akili kwa wagonjwa wa nje kupitia simu na intaneti, yaani tiba mtandao.

Mezani kwetu kuna mapendekezo mawili. La kwanza limetoka kwa parokia zinazoomba zahanati zao ziwekewe chumba ambamo mgonjwa, akiwa na mganga wa zahanati pembeni, ataongea na daktari wa magonjwa ya akili aliye hospitali ya mkoa. La pili limetoka kwa baadhi ya wafadhili, nao wanashauri tulipie programu ya simu iliyotengenezwa ng'ambo ili kila mwenye simu janja aongee na mshauri akiwa popote. Fedha zilizopo hazitoshi kwa yote mawili. Kwa kuwa kamati zitapiga kura mchana huu, tumeona ni vema tueleze huduma hii ilivyokua huko ilikotangulia, jinsi sheria zilivyoifuata, na yapi tuchukue na yapi tuache.

Ukubwa wa shida

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walijiua, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilohilo lilipohesabu watumishi wa afya ya akili mwaka 2020, lilikuta kwamba kanda ya Afrika ina watumishi chini ya 2 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ulikuwa takriban 13.

Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Mirembe pale Dodoma imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 1927. Hadi leo jina lake hutumiwa vijiweni kumtania mtu anayeonekana kachanganyikiwa. Utani huo una gharama yake, maana familia nyingi humficha mgonjwa ndani mpaka hali imekuwa mbaya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Walio wengi katika wagonjwa hawa hawahitaji kulazwa. Ni wagonjwa wa nje. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua, kijana anayesikia sauti lakini ametulia kwa dawa, mzee aliyeacha pombe na anaogopa kurudi, wote hawa wanahitaji mtu wa kuongea nao, dawa isiyokatika, na mtu wa kufuatilia. Ninyi wenyewe mmeona yanayotokea. Mgonjwa anaruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na nafuu, anaambiwa arudi kila mwezi kwa dawa au sindano. Mwezi wa kwanza nauli inapatikana. Mwezi wa pili inakopwa. Mwezi wa tatu haipo, dawa inakatika, na baada ya muda mgonjwa anarudi kule kule alikotoka, safari hii akiwa amefungwa kamba. Kama simu inaweza kuipunguza safari hiyo, basi jambo hili linatuhusu.

Huduma hii si ngeni kama tunavyodhani

Tiba ya akili kwa mbali ilianza kabla ya intaneti. Mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani, daktari Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia televisheni za kuonana pande mbili. Mwaka 1964 waliunganisha taasisi yao na hospitali ya magonjwa ya akili ya mji wa Norfolk, umbali wa kilometa 180 hivi. Tafiti nyingi zilizofuata miaka ya baadaye zimeonyesha kwamba kwa sonona na hofu, matibabu ya mazungumzo yanayotolewa kwa video huleta matokeo yanayokaribiana na yale ya ana kwa ana.

Hata hivyo, kwa miaka mingi huduma hiyo ilibaki ndogo, na sababu kubwa ilikuwa malipo. Bima ya taifa ya wazee wa Marekani, iitwayo Medicare, ililipia tiba mtandao kwa masharti makali, kwamba mgonjwa awe anaishi vijijini, na aende kwanza kwenye kituo cha afya kinachotambuliwa ndipo aongee na daktari. Kukaa nyumbani na kupiga simu hakukulipiwa.

UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, masharti hayo yalilegezwa ndani ya wiki chache. Mgonjwa aliruhusiwa kuhudumiwa akiwa nyumbani, na hata kwa simu ya sauti tupu bila video. Ruhusa hii ya mwisho iliwasaidia sana wazee na maskini wasio na vifaa. Kati ya Machi na Agosti 2021, takriban mahudhurio 36 kati ya kila 100 ya wagonjwa wa nje wa akili na wa ulevi nchini humo yalikuwa kwa tiba mtandao, ingawa kabla ya ugonjwa huo yalikuwa karibu hakuna. Vijijini kiasi kilikuwa kikubwa zaidi, zaidi ya nusu. Magonjwa mengine yalirudi haraka kwenye vyumba vya madaktari, lakini tiba ya akili ilibaki kwenye simu. Sababu inaeleweka. Mvunjiko wa mfupa hauwezi kufungwa kwa simu, lakini mazungumzo yanawezekana.

Sheria ilikimbia nyuma ya gari

Ndugu washiriki, hapa ndipo penye somo letu kubwa. Huduma ilipanuka kwanza, sheria ikafuata, na katika nafasi iliyobaki katikati watu waliumia. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tutataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni dawa zinazodhibitiwa. Mwaka 2001 kijana wa California, Ryan Haight, mwenye miaka 18, alifariki baada ya kutumia vidonge vya maumivu alivyonunua kwa njia ya intaneti. Kutokana na kifo hicho, bunge la Marekani lilitunga mwaka 2008 sheria yenye jina lake. Sheria hiyo inamtaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana walau mara moja kabla ya kumwandikia dawa za namna hiyo kwa mtandao. Mwaka 2020 sharti hilo lilisimamishwa kwa muda, na muda huo umeongezwa tena na tena. Wapo waliosaidika kweli, hasa wagonjwa wa mbali. Lakini kampuni zilijitokeza zikawapa watu vidonge vya kuchangamsha ubongo baada ya mazungumzo mafupi mno. Mwanzilishi na daktari mkuu wa moja ya kampuni hizo, iitwayo Done, walikamatwa Juni 2024. Waendesha mashtaka walisema kampuni hiyo ilisababisha kutolewa kwa vidonge zaidi ya milioni 40. Mwaka 2025 mahakama iliwatia hatiani.

Jambo la pili ni siri ya mgonjwa. Mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji iliiamuru kampuni ya ushauri nasaha ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8. Kampuni hiyo iliwaahidi wateja kwamba habari zao ni siri, kumbe ilikuwa inapeleka anwani zao za barua pepe na majibu ya maswali yao ya afya kwa kampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo ya biashara. Mwaka 2024 kampuni nyingine, Cerebral, ilitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 7 kwa makosa yakiwemo ya namna hiyo. Kumbukeni kwamba hizi ni programu zilizokuwa zinasifiwa sana, na nyingine zilisambazwa kupitia waajiri na taasisi za hisani zenye nia njema.

Jambo la tatu ni leseni. Katika Marekani mshauri hupewa leseni na jimbo lake. Mgonjwa akivuka mpaka kwenda jimbo la pili, mshauri wake huenda haruhusiwi kumhudumia. Ili kutatua hilo majimbo yaliingia mkataba wa wanasaikolojia uitwao PSYPACT, ulioanza kufanya kazi mwaka 2020 na sasa umejumuisha majimbo zaidi ya 40. Kama ndani ya nchi moja ilihitajika kazi yote hiyo, tujiulize hali itakuwaje mshauri akiwa bara jingine. Akikosea, mgonjwa wa kijijini kwetu atamshtaki kwa nani?

Jambo la nne ni mashine kujifanya mshauri. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazojibu kama binadamu. Agosti 2025 jimbo la Illinois lilipiga marufuku mashine hizo kutoa tiba ya akili, na kuweka faini ya hadi dola 10,000. Mtaalamu anaruhusiwa kuzitumia katika kazi za ofisi, lakini kumtibu mtu ni kazi ya mtu mwenye leseni.

Tusielewe kwamba Marekani imeshindwa. Mwaka 2020 bunge lao liliamua kwamba tiba ya akili kwa wagonjwa walio nyumbani ilipiwe moja kwa moja, kwa sharti kwamba mgonjwa aonwe ana kwa ana ndani ya miezi 6 kabla ya kuanza. Sharti hilo limeahirishwa mara kadhaa kwa sababu wanaolitetea na wanaolipinga wote wana hoja nzito. Wa kwanza wanasema daktari asiyemgusa mgonjwa hukosa mengi. Wa pili wanasema mgonjwa asiye na nauli ndiye atakayefungiwa mlango. Mabishano hayo ni yetu pia.

Kwa upande wa Afrika

Majirani zetu nao wametupa mafunzo. Rwanda, huduma ya matibabu kwa simu iliyoitwa Babyl ilianza mwaka 2016, na watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Mwaka 2020 serikali iliingia nayo mkataba wa miaka 10, ikiunganishwa na bima ya afya ya jamii. Miaka 3 tu baadaye, mwaka 2023, kampuni mama iliyokuwa Uingereza ilianguka kifedha, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Wananchi hawakuwa wamekosea kitu. Waliokosea hesabu walikuwa ng'ambo. Tunawaomba wafadhili wetu walitafakari hili kwa makini, maana mgonjwa wa akili akiachwa katikati ya tiba anaweza kudhurika.

Kenya imekwenda mbali katika kutunga sheria. Ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ikarekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022, na mwaka 2023 ikatunga Sheria ya Afya ya Kidijitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Uamuzi huo unahusika sana na mada yetu. Pale ambapo kujaribu kujiua ni kosa, mtu mwenye mawazo hayo ataogopa kuyasema kwenye simu, kwa kuwa hajui nani anarekodi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Afya ya Akili ni ya mwaka 2008, kabla simu janja hazijafika vijijini. Lakini hatuko bila ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, inataka ridhaa ya maandishi, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Daktari naye lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Sheria hizi zinazihusu zahanati za parokia kama zinavyohusu hospitali kubwa. Kazi yetu kuwa ya hisani haitupi msamaha.

Mfano mwingine ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006 huko Mbare, jijini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mtaani kusikiliza wagonjwa kwenye benchi lililowekwa nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 ni takriban watu 14 kati ya 100 waliokaa na bibi hao waliobaki na dalili za sonona, ukilinganisha na 50 kati ya 100 waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walitumia lugha ya kwao na maneno ya kwao ya kueleza majonzi. Nao hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi wenye ujuzi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo simu ina kazi yake bora, yaani kumuunganisha mhudumu wa kijijini na mtaalamu, ili mgonjwa asibaki peke yake na kioo cha simu.

Yale simu isiyoweza

Tuseme wazi mipaka ya huduma hii, ili tusije tukawauzia wananchi ndoto. Simu haipimi damu, na zipo dawa za akili ambazo haziendi bila kupima damu. Simu haichomi sindano. Daktari kwenye kioo anaweza kuona mikono inayotetemeka, lakini hawezi kupima jinsi misuli ilivyokakamaa. Mgonjwa aliyechafukwa, asiyelala kwa siku kadhaa, anahitaji watu na gari. Mwanamke anayepigwa nyumbani hawezi kusema ukweli kwa simu huku mpigaji amekaa chumba cha pili. Na katika nyumba nyingi simu ni moja, anayo baba, na vocha ni ya kubahatisha.

Kwa sababu hizo tunaona chumba cha faragha ndani ya zahanati ni bora kuliko programu ya mtu mmoja mmoja. Mgonjwa anatembea hadi zahanati, hatembei hadi mkoani. Mganga anampima shinikizo la damu, anamchoma sindano iliyoagizwa, anaandika kwenye jalada. Daktari wa mkoa anasikiliza, anauliza, anaelekeza. Kijiji kinamwona mgonjwa akienda zahanati kama mgonjwa mwingine yeyote, na aibu inapungua.

Masharti tunayopendekeza

Kwa hiyo tunaomba kamati na wafadhili wakubaliane kwamba hakuna mradi wa tiba mtandao utakaopata fedha zetu bila kutimiza haya:

1. Mgonjwa mpya aonwe ana kwa ana walau mara moja, na daktari au mganga aliyefunzwa, kabla ya kuanza kufuatiliwa kwa simu. Asiye na nauli ya safari hiyo ya kwanza asaidiwe na mfuko wa parokia.

2. Kila anayetoa huduma awe na leseni inayotambulika hapa nchini, na jina lake libandikwe mlangoni.

3. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na mazungumzo yasirekodiwe.

4. Mkataba na mtoa programu yeyote useme habari zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na zitarudishwaje kwetu kampuni ikifungwa.

5. Uwepo mpango wa dharura ulioandikwa, unaoonyesha nani anapigiwa, gari ni la nani, na kituo cha karibu ni kipi. Namba 116 ya msaada kwa watoto nayo ibandikwe ukutani.

6. Dawa za msingi ziwepo zahanati. Ushauri mzuri wa daktari haufai kitu kama kabati ni tupu.

7. Mganga Mkuu wa Wilaya ajulishwe tangu mwanzo, ili huduma iingie katika mpango wa wilaya na iendelee hata ufadhili ukikoma.

Wajumbe wa kamati mna wajibu mmoja zaidi. Msiulize jina la mgonjwa. Ripoti ya robo mwaka itawaletea idadi ya waliohudumiwa, waliorudi na waliopotea. Katika parokia ndogo hata kusema "yule mama wa kitongoji cha juu" ni kumtaja. Kadhalika wafadhili wetu, tunawasihi msidai picha za wagonjwa wa akili kwa ajili ya vipeperushi. Hatutazipiga.

Hitimisho

Hatukatai teknolojia. Tunakataa kununua kitu kwa sababu kinang'aa. Nchi tajiri zenye wanasheria wengi zilichukua miaka kugundua nani anauza siri za wagonjwa na nani anagawa vidonge ovyo. Sisi tumepewa nafasi ya kuyajua hayo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Mchana huu mtapiga kura. Pendekezo letu ni kwamba fedha za mwaka huu zitengeneze vyumba katika zahanati zilizo mbali zaidi na hospitali ya mkoa, pamoja na umeme wa jua, kifurushi cha intaneti cha mwaka mzima, mafunzo kwa waganga, na dawa. Baada ya mwaka mmoja tutaleta hesabu hapa hapa, yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana, nanyi mtaamua kama tuendelee.

Mgonjwa yule wa mwezi wa tatu, asiye na nauli, hajui kwamba leo tumekaa kumjadili. Atakachokijua ni kama zahanati ya karibu ilikuwa wazi na kulikuwa na mtu wa kumsikiliza.